Maswali yenu kuhusu mashirika na benki za maendeleo: hela ni ya nani na inarudi lini?

Habari zenu wana Kigoma, wa mjini, wa Kasulu, Kibondo, Buhigwe, Kakonko na Uvinza. Tangu watu wa shirika moja la hisani waanze kupita kwenye kata wakisema wameungana na benki ya maendeleo kwa ajili ya mradi wa vijana na jamii, simu yangu haitulii, meseji zinaingia asubuhi mpaka usiku. Nimechagua maswali ambayo wengi mmeyauliza kwa namna moja au nyingine na nitayajibu hapa hapa ili kila mtu asome. Mengine yanafanana sana kwahiyo usiponiona nimetaja la kwako usinune, jibu lako limo.

Dada, hiyo benki ya maendeleo ni benki gani? Naweza kwenda kufungua akaunti? (Kijana, Ujiji)

Hapana mdogo wangu, hutakuta dirisha lake pale mjini wala ATM. Hizi ni benki zinazokopesha serikali na miradi mikubwa, riba nafuu na muda mrefu wa kulipa. Mfano Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilianzishwa 1964, makao yake Abidjan, wenye hisa ni nchi 81 yaani 54 za Afrika na 27 za nje ya Afrika. Inakopa hela kwenye masoko ya dunia kwa bei rahisi kwa sababu nchi zote hizo ziko nyuma yake, alafu inatukopesha sisi. Ile lami ya Kabingo, Kasulu mpaka Manyovu unayopita na bodaboda imo humo kwenye hela zake. Ziko pia za kwetu, TADB ya kilimo na TIB ya uwekezaji.

Sasa benki ya namna hiyo imezoea mikataba ya mabilioni, haiwezi kuja kukaa na kikundi cha watu 10 kule Mwandiga ikauliza nani anatunza hazina. Ndio maana inamtafuta mwenye pikipiki na watu wa kutembea vijijini, na huyo ndio shirika la hisani. Shirika linawajua watu, benki ina hela. Ushirikiano wao ni huo tu na ni kitu kizuri kabisa, ila kijana unatakiwa ujue kwamba mnapokaa kwenye semina pale kuna wakubwa wawili wana mkataba wao na wewe hujausoma. Omba usomewe, hata ile kurasa moja inayosema kijana anapata nini na anatakiwa afanye nini.

Wametuambia tutapewa "fedha za uwezeshaji". Huo ni msaada au mkopo? (Kikundi cha vijana, Kasulu)

Hili ndio swali ambalo nataka kila mtu aliulize kabla hajasaini kitu, na muulize mbele ya watu, sio pembeni. Kwa uzoefu wangu wa kukaa na vikundi, ugomvi mkubwa unaanzia hapa, watu wanapokea hela wakijua ni zawadi, wanagawana, wananunua simu, alafu mwezi wa tatu anakuja mtu na daftari la marejesho. Kikundi kinakufa siku hiyo hiyo na marafiki wanaacha kusalimiana.

Hela inaweza kuwa ya aina tatu. Kuna ruzuku, hairudi, lakini ina masharti ya matumizi, ukinunua kitu kingine unaulizwa. Kuna mkopo, unarudi, mara nyingi na riba. Na kuna ile ya mzunguko, yaani inarudi ila inarudi kwenye mfuko wa kikundi chenu wenyewe ili wengine wakope. Neno "uwezeshaji" linabeba zote tatu, kwahiyo mwambieni afisa aandike moja kwenye karatasi na apige muhuri.

Na kama ni mkopo msiulize asilimia tu, ulizeni riba inapigwa kwenye nini. Nawapa hesabu. Mmekopa milioni 2 kwa miezi 12, wanawaambia riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, inasikika ndogo. Kama inapigwa kwenye mkopo wote kila mwezi mnalipa riba 30,000 mara 12, jumla 360,000, hata ule mwezi wa mwisho ambao mnadaiwa kidogo sana bado ni 30,000. Kama inapigwa kwenye salio linalobaki, mwezi wa kwanza ni 30,000 lakini inashuka na mwezi wa mwisho ni 2,500, jumla yote 195,000. Asilimia ile ile, tofauti 165,000! Hiyo ni hela ya mbolea na mbegu. Kaeni na kalkuleta ya simu mpige wenyewe kabla ya kusaini.

Alafu kitu kingine, shirika likiwakopesha lenyewe moja kwa moja muulizeni leseni. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka anayekopesha awe na leseni ya Benki Kuu, na hata VICOBA zenu zinatakiwa ziwe zimesajiliwa kupitia halmashauri. Kuuliza leseni sio utovu wa heshima.

Tunataka kupanda michikichi, wanasema mkopo ni wa mwaka mmoja. Tuchukue? (Kijana, Kigoma Vijijini)

Kwa michikichi, hapana. Nasema hapana kwa herufi kubwa. Mchikichi wa mbegu mpya hii ya tenera inayotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga unakaa kama miaka 3 shambani ndio unaanza kukupa mkungu wa maana. Sasa mkopo wa mwaka mmoja unaulipa na nini? Utauza shamba lenyewe, au utaondoka uende kufanya vibarua ili ulipe deni la miche ambayo imeanza kukamatwa na majani kwa sababu wewe haupo.

Mkae na shirika muwaeleze hivi, kwamba tunaomba muda wa neema wa miaka 3 ambao hatulipi mkopo wenyewe, au hiyo sehemu ya miche na maandalizi ya shamba iwe ruzuku, na mkopo uje baadaye kwenye mashine ya kukamua. Hapo ndipo benki ya maendeleo inatakiwa ionyeshe tofauti yake na benki ya kawaida, maana yenyewe inakopesha kwa muda mrefu, hata miaka 20 na zaidi. Kama serikali inapewa muda huo alafu kijana wa kijijini anapewa miezi 12, huo muda umeishia wapi njiani? Liulizeni swali hilo kwa adabu lakini liulizeni.

Na wakati mnasubiri msiache ardhi tupu. Michikichi inapandwa kwa nafasi ya mita 9 hivi, miaka ile ya mwanzo katikati jua linafika vizuri, pandeni maharage, mtapata hela ya palizi na chakula. Hakikisheni tu mbegu ni tenera kweli. Ukipata tunda lake lipasue kwa kisu, nyama ni nene na kokwa ina ganda jembamba, ile dura ya wazee wetu ganda lake ni nene na mafuta yanatoka kidogo. Na kokwa msitupe jamani, mafuta ya mise yanatoka humo na watengeneza sabuni wanayatafuta.

Mimi nimeishia darasa la saba, naruhusiwa? (Uvinza)

Ndio. Kama tangazo halijasema lazima cheti, nenda. Na wakikukatalia kwa ajili ya cheti wakati kazi ni kufuga nyuki au kushona, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ndio kazi yake.

Shikamoo mwanangu. Sisi wamama wa kuanika dagaa Kibirizi tunaambiwa mradi ni wa vijana tu. Na ziwa likifungwa je, tutalipaje? (Mama, Kibirizi)

Marahaba mama yangu... samahani, shikamoo wewe! Umenisalimia mpaka nimepokea salamu isiyo yangu. Umri kwanza. Sera ya vijana ya 2007 inahesabu miaka 15 mpaka 35, kwahiyo mradi wa vijana utakuwa na mpaka huo. Lakini mradi ukiandikwa "vijana na jamii" hilo neno jamii ni lenu, msilikubali liwe pambo. Nendeni kama kikundi mkaulize sehemu ya jamii ina nini. Na wakikataa kabisa, halmashauri ina ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato yake, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na ule hauna riba.

Cha kuomba mimi ningeomba vichanja. Nyinyi mnajua kuliko mimi, dagaa wa mchangani mteja anamtia mdomoni, anasikia mchanga, anashusha bei hapo hapo, na mvua ikija ghafla mnakimbizana. Kichanja cha wavu kilichoinuka kutoka chini kinapitisha upepo chini na juu, dagaa anakauka mapema na anabaki anang'aa. Ni kifaa cha mbao, misumari na wavu, fundi wa hapo hapo anatengeneza.

Kuhusu ziwa kufungwa, yaani uvuvi kusimamishwa Ziwa Tanganyika, 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu kamili. Mkataba wowote wa mkopo kwa watu wa mwaloni ambao unadai rejesho kila mwezi bila kuruka miezi hiyo haujaandikwa na mtu aliyewahi kufika Kibirizi. Mwambieni aandike rejesho linaruka wakati wa kufungwa na riba isijikusanye. Msikubali maneno ya mdomo "tutaelewana tu", maana afisa anahamishwa na anayekuja hajui mlielewana nini.

Kuna jamaa anakusanya 20,000 ya fomu. (Wengi, Kigoma mjini na Kasulu)

Msitoe. Fomu ya mradi wa hisani haiuzwi. Shirika halali limesajiliwa kwa Msajili wa NGOs chini ya sheria namba 24 ya 2002 na halmashauri inalijua, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kama wanamfahamu huyo mtu, na kama hawamfahamu nendeni polisi.

Mradi umechukua kiwanja tulichokuwa tunachezea mpira na hatukuulizwa. Nani wa kumlalamikia? (Mzee, Buhigwe)

Mzee wangu shikamoo. Anzia kijijini, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, ombeni muhtasari wa kikao kilichopitisha kutoa kiwanja. Kama kikao hicho hakikuwepo mna hoja nzito sana. Andikeni barua kwa mtendaji, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa shirika, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Wakikaa kimya, hizi benki zenyewe zina milango ya malalamiko ambayo wananchi wengi hatuambiwi kwenye semina. Benki ya Maendeleo ya Afrika ina ofisi yake huru ya kupokea malalamiko tangu 2004, Benki ya Dunia ina jopo lake la ukaguzi tangu 1993. Mkiwa watu wawili au zaidi mlioathirika mnaweza kuandika, na hamuhitaji wakili. Elezeni mradi gani, mmepoteza nini, mmeshaongea na nani na amejibu nini. Ndio maana nasisitiza zile nakala zenye muhuri. Na mkiogopa kutajwa majina mnaweza kuomba yafichwe.

Kila mradi unaenda kambini, sisi wenyeji tunaangalia tu. (Kijana, Makere)

Nakuelewa, na nimeisikia hii miaka mingi, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 na kuni, maji na barabara tumetumia pamoja. Wenzetu wa kambini hawakuja kwa kupenda na msaada wanaopata wanauhitaji, hilo naliamini kabisa. Lakini na wewe una haki, na sasa hivi wafadhili wengi wanatenga fungu la vijiji vinavyozunguka kambi. Ukikutana na watu wa shirika hili uliza hivi: fungu la vijiji vya wenyeji ni kiasi gani, na Makere ipo kwenye orodha? Kama haipo, peleka jina la kikundi chenu, katiba yenu na muhtasari wa kikao kwa afisa wa kata wiki hii hii, kabla orodha haijafungwa. Ukikwama kwenye katiba nitumie, nitaipitia.