Gari Linapogoma Kuwaka: Kwa Vijana Wanaoanza Ufundi

Kijana anayeingia gereji kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ufundi ni kufungua, na ndiyo maana likiletwa gari lisilowaka, mkono wake hukimbilia spana. Nakushauri uanze na sikio. Mwombe dereva ageuze ufunguo mara moja nawe ukiwa karibu na injini, kisha utambue kama umesikia kimya kabisa, mlio wa "ta-ta-ta", au injini inayozunguka vizuri bila kushika. Hayo ni magonjwa matatu tofauti.

Mlio wa "ta-ta-ta" ndio unaowapotosha wengi, kwa kuwa umeme unafika kwenye stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, lakini hautoshi kuizungusha, na lawama zote huangukia stata. Hata mimi iliwahi kunipata pale Kirumba, hapa Mwanza, jirani na mwalo, nilipofungua stata ya pikapu ya mchuuzi wa samaki, nikaisafisha na kuirudisha, na mlio ukabaki uleule. Betri nilikuwa nimeipima ikasoma volti 12.6, yaani ilikuwa imejaa. Fundi aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza. Aligusisha ncha moja ya mita ya volti kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Mita ikapanda na kuzidi volti 2, ilhali haikupaswa kuvuka nusu volti, maana yake umeme ulikuwa ukipotea njiani. Waya wa athi, unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, ulionekana mzima kwa nje, kumbe kutu ilikuwa imejificha chini ya boliti yake. Tuliikwangua kwa msasa, tukakaza, na gari likawaka mara ya kwanza.

Ukisikia kimya, angalia vichwa vya betri na fyuzi, na kama gari ni la otomatiki, hakikisha gia iko P (ya kuegesha) au N (huru). Utashangaa ni madereva wangapi wameita fundi kwa sababu hiyo tu.

Injini ikizunguka bila kushika, tafuta mafuta na cheche. Kwenye gari la petroli, sikiliza kama pampu inavuma kidogo ufunguo unapowashwa, kisha chunguza plagi zinazotoa cheche. Kwenye dizeli iliyoishiwa mafuta njiani, kujaza tangi peke yake mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa hewa imeingia kwenye mabomba. Bonyeza pampu ya mkono iliyo kwenye chujio hadi iwe ngumu. Usishikilie stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, maana utaiunguza na kuimaliza betri.

Kwa kuwa mji wetu ni wa vilima, utakutana na madereva wa Bugando wanaoegesha gari likitazama mteremko ili waliwashe kwa kuliacha liserereke. Gari la gia za mkono hukubali, kwa gia ya pili, lakini mwambie dereva mapema kwamba breki na usukani huwa vizito mpaka injini ishike.