Amarilisi yangu ina majani tu, maua hayatoki

SWALI: Mtaalamu, mwaka juzi nilipanda tunguu la amarilisi kwenye chungu, nikaliweka sebuleni. Lilichanua vizuri mara moja, tangu hapo ni majani tu, marefu na yamelala. Namwagilia kila siku. Halafu wifi yangu ameniletea matunguu ya tulipi kutoka Uholanzi. Niyapande vivyo hivyo? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Dada, tunguu lako lina njaa. Maua ya kwanza yalitokana na akiba lililokuja nayo kutoka shambani. Ya pili lazima majani yayagharamie, na humo sebuleni hayana mwanga wa kutosha; ndiyo maana yamerefuka na kulala. Kihamishie chungu barazani kwenye jua la asubuhi, ukianza na kivuli chepesi kwa wiki moja yasiungue. Usikate jani la kijani hata kama linakukera.

Maji ya kila siku acha leo. Subiri udongo wa juu ukauke. Chungu kiwe na matundu chini, tena kiwe kidogo: nafasi ya vidole viwili pembeni mwa tunguu inatosha, na theluthi yake ya juu ibaki nje ya udongo. Chungu kikubwa hushika maji mengi na mizizi huoza.

Lishe kwa mbolea miezi sita hivi, kisha ukate maji kabisa kwa wiki 8 hadi 10. Watu wengi huogopa hapa, majani yakinyauka wanarudi na kopo la maji. Vumilia. Asili ya mmea huu ni Amerika Kusini, na ili ulale unahitaji kiu, hauhitaji baridi kali. Ukishapumzika, mwagilia mara moja, ungoje ncha ichomoze ndipo uendelee. Maua huja baada ya wiki 6 hadi 8 hivi.

Tulipi ni kinyume chake: bila baridi halichanui. Yatie kwenye mfuko wa karatasi, weka droo ya chini ya friji (si friza) kwa wiki 12 hadi 16, mbali na ndizi na maembe, maana gesi ya matunda yanayoiva huua ua ndani ya tunguu. Kisha panda, weka chumba chenye ubaridi kuliko vyote. Kwa joto la Dar tarajia kuyaona mara moja tu, kwa siku chache.

Andika kwenye mfuko kwa herufi kubwa: SI VITUNGUU. Yana sumu, na anayepika atayaona kabla yako.