Kreatinini "ya kawaida" isikufanye umpandishie mama dozi

Mkuu, subiri kwanza! Unauliza gabapentini ya maumivu ya neva imezwe kabla ya chakula au baada, halafu unataja kama jambo dogo kwamba bi mkubwa ana miaka 82, kilo 45, kreatinini miligramu 1.0 kwa desilita, mmeambiwa figo ni nzima na leo usiku mnapandisha dozi. Msipandishe.

Kreatinini ni taka itokanayo na misuli; figo huichuja kutoka kwenye damu, na ikipanda ni dalili kwamba figo zimechoka. Mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo figo zinaweza kuchoka na karatasi ya maabara ikabaki nzuri. Shika kalamu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Ni fomula ya Cockcroft na Gault, ya 1976. Kwa mama yako inatoka kama mililita 31 kwa dakika, yaani kasi ya figo kusafisha damu. Kijana mwenye afya huvuka 100.

Na gabapentini haivunjwi na ini. Ikishafyonzwa kwenye damu, inatoka kwa mkojo, vilevile ilivyoingia. Figo zenye nguvu huondoa nusu yake kwa saa 5 hadi 7. Zikishuka chini ya 30, nusu hiyo inaweza kuchukua siku mbili na zaidi. Kila kidonge kinamkuta mwenzake bado yumo.

Nimeyaona kwa shangazi yangu. Alianza kusinzia mezani, kijiko mkononi. Kisha mikono ikawa inamruka, chai inamwagika. Tukaambiwa ni uzee. Uzee gani unaanza wiki ileile ya dozi mpya? Aliyetwambia tuongeze alitazama namba moja tu, hata uzito hakuuliza! Shangazi akaanguka, akavunjika nyonga. Daktari mwingine ndiye aliyekokotoa, akapunguza dozi, akili ikamrudia. Miguu haikurudi. Hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Hesabu ya figo idai pia kwa digoksini ya moyo, metfomini ya kisukari na gentamisini, ile antibiotiki. Ibuprofeni ya kujinunulia nayo iwekeni kando, inapunguza damu inayofika kwenye figo.

Usimwachishe dawa ghafla, degedege inaweza kumpata. Mpigie daktari au mfamasia kabla ya dozi ya usiku, mpe umri, uzito na kreatinini, akokotoe ukimsikia. Kama mama ameshaanza kusinzia mchana au kurukaruka mikono, mpelekeni hospitali sasa hivi.