Nati zinalegea kila wiki na mbele kunagonga, nibadilishe shokapu?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina kwadi, yani ile pikipiki ya matairi manne, kila nikitoka njia ya mawe nakuta nati za mbele zimelegea, nakaza kwa nguvu zangu zote lakini baada ya siku chache ni yale yale, na sasa nikipita kwenye shimo inagonga ko ko ko upande wa kushoto. Jamaa kaniambia ninunue shokapu mpya zote mbili. Ni kweli?

JIBU: Salama ndugu yangu, hela ya shokapu iweke kwanza. Huo mlio na hizo nati nadhani ni ugonjwa mmoja. Bolti ya kwenye mkono wa sasipensheni (ule unaounganisha tairi na fremu) kazi yake ni kubana ile bomba ya chuma iliyo ndani ya bushi (ule mpira au plastiki ya kwenye maungio) isicheze kabisa, ikishalegea kidogo tu chuma kinaanza kuteleza kushoto kulia, na mtetemo wa ubavuni ndio unaofungua nati kuliko kitu kingine chochote, mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hilo tangu 1969. Ukiendelea kuendesha hivyo tundu linapanuka linakuwa kama yai, hapo hata ukaze vipi haishiki tena.

Kwahiyo piga jeki tairi ining'inie, ishike juu na chini uitikise, mwenzako aweke mkono kwenye boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu tairi kukata kona) na beringi atasikia ni ipi inacheza. Kisha shika kushoto na kulia, ikicheza hivyo mara nyingi ni tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi. Chomoa na ile bolti yenyewe uitazame, ikiwa imelika katikati itupe, na bushi badilisha pamoja nayo.

Kukaza kwa nguvu zote ndio kosa tunalofanya wengi, bolti inavutika na kupoteza mbano. Tafuta spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na ufuate namba za kwenye kitabu cha chombo chako. Nati yenye plastiki ndani ukiona inazunguka kwa vidole mpaka mwisho haifai tena, pini ya kukunja usiirudie hata kama inaonekana nzima nakuomba sana maana ndiyo inayoshikilia nati ya boljointi. Gundi ya nati tumia ya bluu, nyekundu mpaka uchome moto ndo ifunguke, na futa oili kwenye nyuzi kwanza la sivyo haishiki. Ukimaliza chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, siku mstari ukikatika unajua imezunguka bila hata kushika spana. Nati za tairi zikaze tena baada ya safari ya kwanza.

Na ukiosha kwa maji ya presha usielekeze kwenye bushi, grisi yote inatoka, piga grisi mpya baada ya matope.

Shokapu nunua ukikuta oili inavuja kwenye fimbo yake, au ukiikandamiza mbele inadunda dunda badala ya kutulia.