Maswali ya Gereji: Sili Isiyopatikana na Boliti Inayokwama

*Ninafufua Land Cruiser BJ40 ya 1978. Sili ya pinioni, ile gia ndogo inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, inavuja. Madukani kila muuzaji ananiambia piesi za gari hilo zilikwisha zamani. Nifanyeje?*
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

Ndugu, ukiomba sili "ya BJ40" muuzaji anatafuta pakiti yenye jina hilo, na hana. Mpe vipimo. Sili, yaani pete ya mpira inayozuia mafuta kutoka, nyingi ni za saizi za kawaida, na inayokufaa huenda iko rafuni kwake ikiuzwa kama ya lori au ya mashine ya kusaga unga.

Usiitupe ya zamani kabla ya kuisoma. Usoni huwa na namba tatu, tuseme 40-62-10: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, kwa milimita. Zikiwa zimefutika, pima flanji (kipande cha chuma kinachozunguka ndani ya sili) kwa kaliba pale ambapo mdomo wa sili haukugusa, kisha upime tundu inamokaa. Mpira wenyewe usiupime, umekwisha kutanuka. Ukipata namba ya Toyota, sili nyingi huanza na 90311, na tarakimu mbili baada ya kistari ndizo kipenyo cha ndani: 90311-38 na kuendelea ni ya milimita 38. Kama usoni kuna mshale, lazima uelekee upande flanji inakozungukia gari likienda mbele.

Lakini kabla ya kutoa hata faranga moja, fungua kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na matope, mafuta yakipata moto hewa inakosa pa kutokea, na hata sili mpya itavuja. Kisha pitisha ukucha kwenye flanji. Ukinasa kwenye mfereji, sili pekee haitasaidia. Ikalishe sili milimita 1 au 2 nje ya mahali pa zamani, kama nafasi ipo, ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. La sivyo mpelekee fundi wa kuchonga chuma aivishe flanji pete. Mafundi wa aina hiyo hawakosekani Lubumbashi na Likasi.

Wakati wa kufunga, paka mdomo grisi, upande wenye springi ndogo ya sili utazame mafuta, na isukume kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake. Nati ya pinioni iwekee alama na uhesabu nyuzi zinazoonekana kabla ya kuifungua. Ukiikaza kupita alama, beringi zinabanwa. Zitapiga kelele na kuungua.

Onyo moja: mbinu hii ya kulinganisha saizi usiipeleke kwenye breki. Mpira wa sili za mafuta huvimba ukikutana na mafuta ya breki, na mpira wa breki huvimba ukiguswa na mazutu au esansi, hata wakati wa kuusafisha tu. Hapo nunua seti ya mipira ya breki yenyewe.

*Kwenye Land Rover Series III, boliti za milimita 8 zinaingia mizunguko miwili kisha zinakwama. Je, nyuzi zimeharibika?*
Msomaji, Ruashi

Pengine hazijaharibika bado. Acha kulazimisha. Boliti nyingi za gari hilo ni za inchi, na 5/16 ina milimita 7.94, kwa hiyo M8, yaani boliti ya metriki ya milimita 8, inajifanya ndugu yake. Hatua ya uzi, yaani umbali kati ya uzi na uzi, ya M8 ni milimita 1.25; ya 5/16 UNF (uzi mwembamba wa inchi), yenye nyuzi 24 kwa inchi, ni karibu 1.06. Kichwa cha 5/16 hufunguliwa kwa spana ya nusu inchi, ingawa ya milimita 13 pia hushika. Weka boliti ya zamani ubavuni mwa mpya, uzi kwa uzi, uzishike kwenye mwanga: zikiachana baada ya nyuzi chache, si za aina moja. Mistari mitatu kichwani maana yake ni nguvu inayokaribiana na boliti ya metriki ya daraja 8.8. Isiyo na alama yoyote usiitie kwenye usukani wala kwenye springi. Mtu wako akivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kukununulia, mpe boliti ya mfano mkononi, si picha.