Jina Nililifunika, Beseni Sikulifunika

Mwaka 2017, katika siku za giza la mwezi dagaa wanapopatikana kwa wingi, mama mmoja anayeanika dagaa hapa Kigoma alinipa kikaratasi. Kilikuwa kimechanwa kwenye daftari la shule, kimeandikwa kiasi cha fedha kwa kalamu ya bluu, na chini yake saini isiyosomeka. Asubuhi hiyo alikuwa ameshalipa ushuru wa halali na risiti anayo. Kikaratasi kilikuwa cha malipo ya pili, siku hiyohiyo, kwa mzigo uleule. Nilikipiga picha palepale, jina lake nikalipitishia mstari mweusi, na jioni nikaipandisha kwenye blogu yangu.

Nyuma ya kikaratasi lilionekana beseni lake la bluu, lenye ufa ulioungwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Msomaji wa Dar es Salaam angeona beseni tu. Mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kila mtu alijua ni la nani.

Baada ya siku tatu alihamishwa chanja yake. Alipewa nafasi ya pembeni, karibu na mtaro wa maji machafu, ambako dagaa hawakauki vizuri na wanunuzi hawafiki. Hakuna aliyemwambia sababu. Alikaa huko miezi miwili, na wakati wote huo mimi nilikuwa napongezwa na watu nisiowajua kwa ujasiri wangu. Mwalo wenyewe sitautaja, hata leo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu kijana mmoja wa Kasulu anataka kuanza kuandika mambo ya kijiji chake, na amenitumia maswali mengi. Atumie jina la uongo? Anunue laini nyingine? Asome kupitia VPN, ile programu ya kuficha mtu anaingia mtandaoni kutoka wapi? Ni maswali mazuri, ila yote yanamhusu yeye. Mdogo wangu, kwenye miji yetu hii, mwandishi hujulikana ndani ya wiki mbili hata akijificha namna gani. Na mara nyingi si yeye anayeguswa kwanza. Anayeguswa kwanza ni yule aliyempa habari, maana yeye hana wasomaji wa kumpigia kelele.

Hapa kwetu tunaye mtu wa kumtazama katika hili. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016, na shauri lililomwandama kwa miaka lilitokana na kutowapa polisi taarifa za watu waliokuwa wakiandika humo. Aprili 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Niliposoma hukumu ile nilikaa kimya muda mrefu. Mwenzangu alikuwa amepandishwa kizimbani kwa kulinda watu ambao wengi wao wala hakuwahi kuwaona uso kwa uso. Mimi niliyempa mkono mama yule kila asubuhi nilimtoa bure, bila hata kuulizwa.

Utaniambia: bila ile picha nani angeniamini? Hapo ndipo penye ugumu wenyewe, na sipendi kuupitia juujuu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo uthibitisho lazima uwe nao. Lakini kuwa nao si lazima kuuanika. Kwa miaka mingi nilidhani ni jambo moja.

Siku hizi nafanya hivi. Nikipewa kikaratasi kimoja, siandiki. Nasubiri. Nawauliza wengine, katika siku tofauti, ikiwezekana katika mialo tofauti, mpaka niwe na vikaratasi saba au kumi vyenye sura ileile. Vyenyewe navihifadhi mahali pasipo nyumbani kwangu. Kwenye makala naandika kwamba nimeviona vikaratasi kumi vya majuma matatu, naeleza vinafanana katika nini, na kiasi natoa cha chini na cha juu, sitoi kile hasa cha mtu mmoja. Akitaka kukasirika mkusanya ushuru, atafute kati ya wanawake mia. Na ukweli unakuwa mzito zaidi, kwa sababu kikaratasi kimoja huitwa kosa la kijana mmoja wa getini, ila kumi havina jibu jepesi.

Wazo hili majirani zetu wa Kenya walilifanyia kazi kubwa kuliko yangu. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, wakaweka kwenye ramani taarifa zilizotumwa na wananchi kwa simu na mtandao. Baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010 na katika nchi nyingine nyingi, ikiwa na jina lake la Kiswahili. Mimi nalipenda jina hilo kwa sababu linamkumbusha mwandishi kwamba ushahidi wa wengi una nguvu ambayo shahidi mmoja hana, na humpunguzia yule mmoja mzigo.

Kuhusu picha: kabla hujapandisha, itazame kama mtu wa pale, usiitazame kama msomaji wa mbali. Kitenge, ndala, ukuta uliopakwa rangi nusu, mkono wenye kovu, sauti ya mtoto kwenye video. Picha pia hubeba ndani yake saa ilipopigwa, aina ya simu, na pengine mahali penyewe. Tovuti nyingine hufuta taarifa hizo, nyingine huziacha. Njia rahisi ninayoitumia ni kuchukua skrinishoti ya picha, nikakata pembeni, nikatumia hiyo. Mara nyingi zaidi siweki picha kabisa. Jina la aliyenipa habari silihifadhi kwenye simu, na mazungumzo yetu nayaweka yajifute. Yaliyo mazito hatuyaandiki, tunakutana sokoni.

Lakini usiweke imani yote kwenye ufundi. Ethiopia kulikuwa na wanablogu waliojiita Zone 9. Gereza la Kaliti, Addis Ababa, lilikuwa na kanda nane; wakasema ya tisa ni nchi nzima iliyo nje ya ukuta. Aprili 2014 walikamatwa sita kati yao pamoja na waandishi wa habari watatu, na miongoni mwa mambo waliyoshitakiwa nayo chini ya sheria ya ugaidi ni kujifunza namna ya kulinda mawasiliano yao. Wengine waliachiwa Julai 2015, waliobaki wakafutiwa mashitaka ya ugaidi Oktoba mwaka huo. Mpaka leo nikiwasoma naona walichokuwa nacho kikubwa ni wao kwa wao: walijuana, na walikuwa na watu nje wa kuwasemea. Kwa hiyo usiandike peke yako. Awepo mtu mmoja anayejua unachokiandika na wakili wa kumpigia ukichelewa kurudi.

Jina lako tumia. Hilo ndilo jibu langu, ingawa najua wako watakaonipinga na wana sababu zao.

Kanuni za maudhui ya mtandaoni zisome zilizopo leo, zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Zilipotoka 2018, maombi ya leseni ya blogu yalikuwa shilingi 100,000 na leseni yenyewe 1,000,000, kisha ada ya mwaka 1,000,000 nyingine. Blogu yangu niliifunga Juni mwaka ule. Isingeweza kulipa hata robo yake. Nakala za makala zote zimo kwenye flashi, na nyingine nimezichapa. Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi mkuu, kilichosomeka kwangu ni zile za karatasi.

Yule mama nilimwomba radhi mwaka 2017, nikamwomba tena alipopata chanja nzuri. Mwaka jana nilipita mwaloni. Alinisalimu kwa Kiha, "mwakeye", kama zamani, akanipimia dagaa, akaongeza fungu. Kisha akaniuliza kama bado naandika.

"Bado naandika, mama."

"Haya baba. Basi hapa kwangu usisimame sana."

Nikalipa, nikaenda.