Anza na Kireno, Kihispania utakikuta njiani

Mhariri salaam, na wasomaji wenzangu hamjambo. Swali la wiki hii limenigusa kwelikweli maana ndo kazi yangu. Mmeuliza hivi, Kireno na Kihispania ni lugha ndugu, sasa mtu anayezitaka zote mbili ajifunze kwa mpigo au aanze na moja, na kama ni moja basi ipi. Mi natembeza wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe, Kaole, soko la samaki, na jibu langu ni kwamba usizibebe zote pamoja, anza na Kireno mpaka uweze kubishana nacho bei, halafu ndo uhamie Kihispania. Najua wengi watasema Kihispania ndo chepesi na ni kweli ni chepesi, ila ngoja niwaeleze.

Kihispania kina irabu tano tu, a e i o u, zilezile zetu, ukikisoma kwa mdomo wa Kiswahili mtu wa Madrid anakuelewa bila shida. Kireno hakiko hivyo. Kuna sauti lazima zipite puani, mkate ni pão, mkono ni mão, Mhispania yeye anasema pan na mano kwisha habari. Halafu kuna irabu za kufunga mdomo na za kufungua, babu ni avô na bibi ni avó, tofauti yote iko kwenye hiyo o ya mwisho, ya babu unaifunga, ya bibi unaifungua, na sikio lisipozoezwa mapema unasikia neno moja tu. Tena Wareno wa Lisbon wanazimeza irabu nyingine kabisa. Ndo maana Mreno anamuelewa Mhispania kirahisi kuliko Mhispania anavyomuelewa Mreno, hili hata wenyewe wanalisema. Kwa hiyo ukianza na kile kigumu cha masikio, kile cha pili unakuta nusu ya kazi imeshafanyika, lakini ukianza na chepesi sikio linazoea raha na Kireno utakikimbia.

Halafu Kireno kiko mdomoni mwetu tayari. Wareno waliingia pwani hii na Vasco da Gama 1498, Fort Jesus pale Mombasa ikawatoka 1698, na hiyo miaka 200 waliacha maneno kibao. Meza, bendera, karata, foronya, nanasi, parafujo. Mengine hata Mhispania anayo, mesa, bandera, lakini ukimtajia parafujo hakuelewi, yeye anasema tornillo, na nanasi kwake ni piña, wakati mtu wa Maputo anasema parafuso na ananás na fundi wetu yeyote anamuelewa hapohapo.

Na kubwa zaidi ni ujirani. Kihispania kina watu wengi duniani sikatai, ila Afrika ukikitafuta serikalini unaenda mpaka Guinea ya Ikweta, na hata hao 2014 waliingia kwenye jumuiya ya nchi za Kireno. Kireno kiko Msumbiji hapo, unavuka Ruvuma tu, kiko Angola, kiko Cape Verde, na ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ni lugha rasmi. Hapa Bagamoyo yenyewe FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na shule yao ya sekondari enzi za ukombozi, kabla Msumbiji haijapata uhuru 1975, na mpaka leo ukikaa na mafundi wa vinyago wa Kimakonde humkosi mwenye ndugu upande ule. Mi Kireno nimekipatia hapo kwenye vinyago, kwa fundi mmoja aliyekulia ng'ambo ya Ruvuma, yeye anachonga mpingo mi namuuliza hiki nini kile nini, na Kireno chake kinatamkwa wazi, sio kama kile cha Lisbon. Mwalimu wa namna hiyo wa Kihispania mtampata wapi hapa?

Sasa kwa nini sio kwa mpigo. Siku moja nina mama wa Kihispania soko la samaki, na yule fundi wa Kimakonde naye alikuja kununua kitoweo, basi akataka kumsaidia mgeni akamuonyesha pweza akamwambia kwa furaha, polvo, polvo! Yule mama akainama akaanza kujipangusa sketi, maana kwao polvo ni vumbi, pweza wao ni pulpo. Maneno ya namna hiyo yako mengi. Oficina kwa Mhispania ni ofisi, kwa Mreno ni gereji. Largo kwa Mhispania ni ndefu, kwa Mreno ni pana. Na hili ndo linasumbua kila sentensi, no kwa Mhispania ni hapana, kwa Mreno inaonyesha mahali, no mercado maana yake sokoni. Mwanafunzi anayeanza zote mbili wiki moja atazipangaje hizo kichwani? Mtoto wa Kikwere anaelewa Kizaramo, lugha ndugu ya hapa pwani, bila darasa kwa sababu Kikwere chake kimeshasimama, mgeni ukimpa vyote siku moja anatoka na uji.

Ila Kireno kikishasimama, aisee, hapo ndo raha inaanza, maana tofauti zina mpangilio. Zote zimetoka kwenye Kilatini, kila mmoja akafuata njia yake. F nyingi za mwanzo Mhispania kazigeuza h na hiyo h haitamki, falar ikawa hablar, fazer ikawa hacer, farinha ikawa harina. Ch ya Kireno mara nyingi kwake ni ll, chave ni llave, chuva ni lluvia. Noite noche, leite leche, oito ocho. Porta inakuwa puerta, terra inakuwa tierra. Na Mreno ana tabia ya kuangusha l na n za katikati, mwezi wa angani kwake ni lua Mhispania luna, rangi ni cor huku color. Ukizishika hizi unaanza kubahatisha maneno ambayo hujawahi kufundishwa na mengi unapatia.

Kitu kimoja tu hakigeuziki, siku za wiki. Mhispania ana majina, lunes, martes. Mreno anahesabu kama sisi ila anaanzia Jumapili, sisi tunaanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu kwake ni segunda-feira, ya pili, Jumanne ni ya tatu, Jumatano ya nne, unatoa moja. Alhamisi sasa usitoe kitu, hilo neno la Kiarabu ni la tano na kwake ni quinta-feira, ya tano vilevile. Ukipanga safari na wageni wa Msumbiji hakikisheni hapo kwanza.

Kwa asiye na jirani wa Kimakonde, DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, wana idhaa ya Kiswahili, ya Kireno kwa Afrika na ya Kihispania. Sikiliza habari za dunia kwa Kiswahili asubuhi, jioni tafuta ileile kwa Kireno, jambo unalijua tayari kwa hiyo sikio linashughulika na lugha tu. Kile cha Kihispania kiacheni kwanza, kipo.